Fundi, Wanataka Nipande Meli ya Kutembea

Fundi wangu, Muzee Idi,

Amahoro huko uliko. Ni miye, Melkiori, yule uliyemwita Mutanzania mpaka watu wa mtaa wakasahau jina langu. Nakuandikia nikiwa karakanani, nimekaa juu ya mbao ambazo hazijachanwa. Mvua ya mchana imetusimamisha kazi. Ulikuwa hupendi karatasi. Ulisema mtu mwenye neno aje alitoe huku anaangaliwa machoni. Nilijaribu, Fundi. Mara mbili nimekuja makaburini, nikasimama pale na kofia mkononi, nikarudi bila kusema kitu. Nilichokuwa nacho moyoni hakikuwa cha kumwambia mtu aliyelala.

Sasa kimebadilika. Ndiyo maana naandika.

Kwanza nikupe habari za hapa. Ziwa limepanda. Pale tulipokuwa tunaegemeza boti, sasa dagaa wanaogelea. Karakana nimeihamishia juu, karibu na barabara, nyuma ya wale wanaokamua mawese, na boti zangu zinatoka zikinuka mawese hata kabla hazijabeba kitu. Essence ya mota, yaani petroli, imekuwa kitu cha kuwindwa, wavuvi wengi wamerudi kwenye kasia. Adela wangu anasoma uuguzi Bujumbura. Redio yako iko kwa Mama Zaina, bado inashika stesheni moja tu, na bado anaipiga kofi kama ulivyokuwa unaipiga.

Na Jumamosi hii, asubuhi, napanda meli kwenda Kigoma. Si kazi, Fundi. Si kukimbia. Si mazishi. Wanaita kutembea. Siku nne: unakula, unalala, unatazama milima ikipita, kisha unarudishwa ulikotoka. Nimeuliza mara nyingi kwa nini mtu apelekwe mbali ili arudishwe palepale. Kila mtu ananicheka, Joselina wa kwanza.

Ilianza na mjane wako. Jumapili moja, ndiyo kwanza tumetoka kanisani, Mama Zaina akaingia uani kwetu na karatasi mkononi. Hamisi, mtoto wenu wa Kanada, amelipia nafasi tatu kwenye meli mpya ya watalii. Akaniambia, huku anaangalia kuku:

"Wewe na Joselina mutakuja na miye."

"Kwa nini sisi, Mama? Si uende na Zaina?"

"Zaina iko na mimba kubwa. Na miye nimesema nyinyi."

Akanywa maji, akashukuru, akaenda zake. Hakuniangalia hata mara moja. Na si siku ile tu. Nilipokumbuka vizuri, nikaona ni muda mrefu mjane wako haniangalii usoni. Ananisalimu kwa pembeni, anampitishia Joselina salamu zangu, ananipa chai huku anatazama birika. Nikaanza kujiuliza anataka nini na miye. Na kwa nini majini, mahali ambapo mtu hawezi kuinuka akaenda zake?

Maana kuna jambo, Fundi, na sasa nalisema.

Ile boti yako ya mwisho. Siku tulipoiziba nyufa ulisema, "Shika kulia, miye nashika kushoto." Tukasokota pamba, tukaipigilia kwa patasi kati ya mbao, tukapaka lami, wewe upande wako na miye wangu. Mchana Joselina akatuma mtu: Adela ana homa kali, wamempeleka kituo cha afya, anaweweseka. Nilikuwa nimebakiwa na kipande cha nyuma, urefu wa mkono wangu hivi. Nilikuwa nimekipigilia pamba mara moja badala ya mara mbili. Nikapaka lami juu yake ili kionekane kimekwisha. Nikajiambia boti haiondoki kabla ya kesho mchana, asubuhi nitakuja nikifungue nikirudie. Nikakwambia, "Nimemaliza, Fundi." Nawe ukasema, "Kimbia kwa mutoto."

Asubuhi nilipofika, boti haikuwepo. Mlikuwa mmeondoka mapema, wewe na Bukuru wa mota, kupeleka vitu vya harusi Nyanza-Lac. Saa nne habari ikafika bandarini: boti imejaa maji mbele ya Kigwena. Bukuru alishika kidumu kitupu akaelea nacho. Wewe hukuelea. Kesho yake ziwa likakurudisha, tukakuzika kabla ya adhuhuri. Boti haikuonekana tena.

Watu wakasema ni upepo. Nikaukubali upepo. Nilibeba jeneza lako nikiwa mbele, bega la kulia. Nilikula chakula cha msiba wako. Nilipokea patasi zako kutoka mikononi mwa mke wako, na kwa miaka miwili zimenilisha. Na kile kipande cha nyuma nimekinyamazia, hata kwa Joselina. Kisha siku moja mjane anakuja na kuniambia nikae naye siku nne juu ya maji, tupite mbele ya Kigwena. Ungekuwa wewe, ungewaza nini?

Nilikuwa na hakika amejua. Nilikuwa na hakika ataningoja mpaka nchi kavu iwe mbali, ndipo aniulize.

Lakini mtu hawezi kumshuku mjane wa fundi wake waziwazi. Basi nikaishuku meli.

Tulikwenda kwenye ofisi ya safari. Kuna bwana mmoja pale, ana tai, ana viatu vyenye ncha. Alitupa karatasi ya Kifaransa, Joselina akasoma kwa sauti: tout compris. Yaani kila kitu iko ndani.

"Kila kitu, kama nini?" nikamuuliza.

"Chakula, muzee. Jus. Muziki kila jioni."

"Na maji yakiingia?"

Akacheka mpaka akaishika tai. "Muzee anapenda mzaha!"

Sikuwa na mzaha. Kwenye ile karatasi kulikuwa na picha ya bwawa la kuogelea, juu ya meli. Nani anaweka maji juu ya meli? Kazi yote ya meli si kuyaweka maji mbali? Nikaisogeza picha karibu na dirisha. Nyuma ya bwawa kulikuwa na mlima wenye theluji. Nikamwonyesha: ng'ambo yetu ni Kongo, na milima ya Kongo naiona kila siku kutoka karakanani, haina theluji. Akasema picha ni ya mfano tu. Nikamuuliza mfano wa nini. Joselina akanivuta mkono, tukatoka.

Meli yenyewe si mpya, Fundi. Bandarini waliniambia zamani ilikuwa inabeba saruji. Wameitia vyumba, mapazia na viti vya kuegemea, wakaipaka rangi nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Wewe mtu akikuletea boti iliyopakwa rangi upya ulikuwa unauliza swali moja, "Imepakwa kwa sababu gani?", halafu unasubiri, unakunywa chai yako ya tangawizi polepole mpaka mwenyewe aanze kutoka jasho.

Nyumbani kwangu ni kama kuna harusi. Karatasi inasema mje na kofia ya jua, nguo ya kuogelea, na nguo ya jioni. Joselina hajui kuogelea, lakini nguo ya kuogelea ameitafuta soko zima, akapata moja ya kijani yenye maua. "Utaivaa wapi?" nikamuuliza. "Iko kwenye liste," akasema, kama karani. Gauni zake mbili amezishona mwenyewe. Ameshona na ya Mama Zaina, ndefu, ya rangi ya zabibu. Siku moja nikamuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Mkiwa wawili mkipima nguo, Mama Zaina anakuambia nini?"

"Anasema mikono isimbane."

"Kuhusu miye?"

Joselina akatoa pini mdomoni. "Melkiori, hapana kila kitu iko juu yako."

Na yeye pia nikaanza kumshuku.

Tulikwenda kuchukua lesepase, karatasi ya kuvukia mpaka. Afisa, kijana mwenye sauti ya mzee, akaniuliza naenda Tanzania kufanya nini. Nikasema kutembea. "Kumtembelea nani?" Hakuna, kutembea tu. Aliiacha kalamu, akanitazama kuanzia kofia mpaka ndala. Nilimwelewa. Miye nilipelekwa Tanzania mgongoni mwa mama, nikakulia kambini kwa wakimbizi, nikarudi mtu mzima na mke na sufuria mbili. Sijawahi kuvuka kwenda upande ule wala kurudi bila mtu kuniandika kwenye orodha ya watu wa kuhurumiwa. Afisa akapiga muhuri, lakini taratibu, kama mtu ambaye bado anafikiri. Sikumlaumu. Hata miye nilikuwa sijiamini.

Wiki iliyopita meli ilikuja kujaribiwa, ikafungwa bandarini kwetu. Nikachukua nyundo ndogo, nikaenda. Nilianza kuigonga ubavuni, hapa na pale, sikio likiwa karibu. Kichwa kikatokea juu. Ni mekanisiye wa meli, mtu wa mashine, mwanamke mfupi wa Uvira, ovaroli yake imejaa grisi.

"We muzee! Unapiga-piga meli yangu ya nini?"

"Naisikiliza."

"Na inasema nini?"

Fundi, nilitaka kudanganya. Lakini ukweli ni kwamba chuma sikijui. "Sijui," nikamwambia. "Miye ni mtu wa mbao."

Akacheka, akaniambia nipande. Akanishusha mpaka tumboni mwa meli, kule kuliko na joto na harufu ya mazutu, dizeli ya mashine. Nilikuwa nimejitayarisha kudanganywa. Lakini yule mama alinionyesha yaliyo mabaya kwanza. Hapa palikuwa na kutu, tumekata, tumeunga bamba jipya. Pampu hii nzuri, hii inasumbua, ndiyo maana ziko mbili. Akaniacha niingize mkono wangu mwenyewe chini kabisa, kwenye sakafu. Ukatoka na vumbi.

Nikauliza majaketi ya kuelea yako wapi. Akanipeleka kwenye kabati moja refu. Limefungwa kwa kufuli.

"Ufunguo?"

"Uko kwa patron, mwenye meli, Bujumbura. Watu banaiba, muzee."

"Na siku ya shida, nani atakwenda Bujumbura kuuchukua?"

Akafuta mikono kwenye ovaroli, akaenda, akarudi na msumeno wa chuma. Akakata kufuli mbele yangu, mpaka jasho likamdondoka. "Patron akiuliza," akasema, "nitasema ni muzee wa mbao." Tukayatoa majaketi, tukayapanga chini ya viti, moja moja. Ya watoto yalikuwepo pia.

Niliposhuka bandarini sikuwa na kitu tena cha kuishuku ile meli. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mpaka siku ile nilikuwa nikitegemea nitapata ufa, niseme hapana, nibaki.

Kabla ya kukaa siku nne na mjane wako ilikuwa lazima nijue. Nikapanda baiskeli ya abiria mpaka Kigwena, kwa Bukuru.

Haendi tena majini. Ana mashine yake ya kukamua mawese, karibu na msitu. Nilimkuta anakoroga pipa la ngazi, matunda ya mawese, zinazochemka, moshi umemfunika nusu. Hatujawahi kuzungumza tangu msiba wako, Fundi. Tulikuwa tukionana sokoni, kila mmoja anakumbuka kitu upande mwingine.

Sikumsalimu vizuri. Nilisema, "Bukuru, maji yaliingia wapi?"

Akaendelea kukoroga. "Miaka miwili nakungoja uulize."

"Yaliingia wapi?"

"Kushoto. Kwa mbele."

"Si nyuma? Si kulia?"

"Melkiori, nilikuwa nimekaa nyuma, na mota. Niliyaona yanatoka mbele kushoto, yanakuja kwangu kama mutu amefungua robine ya maji. Muzee akapiga magoti pale. Akapapasa kwa vidole. Akasema, 'Hii ni kazi ya mukono wangu.' Akavua shati, akalisukumiza ndani ya ule ufa. Upepo ulikuja nyuma ya hayo. Boti ilikuwa imeshakuwa nzito."

Sikumwamini. Niliona anataka kunitua mzigo, kwa huruma. Basi nikamzunguka, kama ulivyokuwa unawazunguka wenye boti. Nikamwambia nimesikia maji yalipita juu. Akasema hapana, ni chini. Nikamwambia labda amechanganyikiwa, kushoto kwake ni kulia kwangu. Akanyoosha mkono akanionyesha: Kongo ilikuwa huku, na maji yalitoka upande uliotazama nchi kavu. Mlikuwa mnaelekea kusini. Ni kushoto.

Mwishowe nikasema, "Kulia, nyuma, kulikuwa na kipande kibaya."

Akaacha kukoroga. "Nani amekuambia?"

"Nakuambia miye."

Akasogea kando ya moshi ili anione. "Kile kipande hakikuleta maji," akasema. "Ao kama kilileta, sikuona. Sitakudanganya."

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Akasema: "Niseme nini? Niseme Muzee Idi aliziba vibaya boti yake mwenyewe? Jeneza likiwa pale? Nani angenisikiliza miye, mutu wa mota, na miye ndiye niliyepona?"

Nikarudi Rumonge na mguu mmoja mwepesi na mmoja mzito. Maana sasa nilikuwa nakushuku wewe, na sikujua namna ya kukushuku. Miaka yote niliyokaa nawe sikuona ufa wako ukitoa jasho. Tulikuwa tunamwaga maji ndani ya boti, tunalala chini yake kutafuta tone, na upande wako ulikuwa mkavu siku zote; ile ya mwisho tu haikupimwa. Mtu wa namna hiyo anazibaje vibaya? Nikasema Bukuru amekosea. Nikasema ameamua kumtupia marehemu, kwa kuwa marehemu hajibu.

Jana alasiri Mama Zaina alikuja na sanduku lake, Joselina amwangalizie kama limejaa vizuri. Ndani mlikuwa na ile gauni ya zabibu, kanga mbili, na dagaa wakavu wa kumpelekea dada yake Ujiji, wamefungwa ndani ya plastiki tatu ili meli isinuke. Joselina akaingia ndani kuchemsha chai. Mjane wako akabaki nami uani. Kwa mara ya kwanza akaniangalia.

"Umeitazama ile meli?"

"Nimeitazama, Mama."

"Iko je?"

Nikamweleza yote: pampu mbili, bamba jipya, kufuli lililokatwa. Alisikiliza mikono yake ikiwa imekaa juu ya sanduku.

"Unaweza kuniambia nipande?"

"Naweza."

Akashusha pumzi. "Ndiyo sababu nilikuita. Tangu Idi afe sijagusa lile ziwa, hata kunawa miguu. Dada yangu kule amezeeka, nataka tuonane. Lakini siwezi kupanda kitu cha maji kama wewe hujakipapasa."

Fundi, hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Wiki tano nimemshuku, na yeye alikuwa anatafuta tu mtu wa kuishuku meli kwa niaba yake. Sikuweza kuvumilia. Nilimwambia yote palepale: homa ya Adela, urefu wa mkono, lami juu ya pamba mbovu, "Nimemaliza, Fundi." Nilimwambia na ya Bukuru. Sikujali kama majirani wanasikia.

Alilishika sanduku, nikadhani anaondoka.

"Sasa nisikilize na miye," akasema. "Idi alikuwa haoni."

Sikuelewa.

"Mwaka muzima. Jicho la kushoto lilikuwa limefunga kabisa, la kulia lilikuwa linamletea ukungu. Miye ndiye nilikuwa namutilia uzi kwenye sindano. Miye nilikuwa namusomea namba za simu. Alinikataza nisikuambie. Alisema, 'Melkiori akijua, hatanisikiliza tena.' Na miye nikanyamaza. Ile asubuhi nilimuona anatoka, nikajua alichokiziba amekiziba kwa kupapasa tu, na nikanyamaza." Akajifuta uso na ncha ya kanga. "Nilidhani wewe ulishagundua. Nilidhani unanichukia kimyakimya. Ndiyo maana nilikuwa siwezi kukuangalia."

Joselina alitoka na sinia la chai akatukuta wote wawili tunalia. Akaliweka chini, akarudi ndani bila kuuliza.

Nilikasirika, Fundi. Nikwambie ukweli, bado nimekasirika. Nimekumbuka kila kitu. Ulivyojigonga kidole gumba ukalaumu nyundo. Ulivyoanza kunipa mita nikusomee, ukisema, "Wewe uko na macho ya kijana." Ulivyokuwa ukiwajua wateja kwa sauti, ukisubiri waseme kwanza. Ulivyoacha kunionyesha makosa yangu kwa kidole, ukawa unaniuliza, "Unaonaje mwenyewe?" Nami nilifurahi! Nilidhani nimekuwa fundi, na umeanza kuniheshimu. Miye niliyemshuku mjane, meli, picha, mke wangu, na hata afisa wa mpaka, hilo sikulishuku hata siku moja.

Ungeniambia. Nisingeacha kukusikiliza. Ningepitisha kidole changu upande wako, nawe ungepitisha chako upande wangu, na vipande vyote viwili vingeonekana siku ileile, cha kushoto na cha kulia. Badala yake tulisimama pale, wewe na miye, kila mmoja akamwambia mwenzake amemaliza.

Hasira yangu haifuti nilichofanya. Bukuru alisema hakuona, na kutoona si sawa na kutokuwepo. Nitabaki na hilo. Lakini si peke yangu tena. Mama Zaina ana sehemu yake, na wewe unayo yako, na jana tulipomaliza chai tulikuwa tunaweza kulitaja jina lako bila mtu kutazama kuku. Nisamehe ule urefu wa mkono, Fundi. Nami macho yako nimeshaanza kuyasamehe, ila unipe muda.

Mvua imekwisha, natakiwa kurudi kwenye kazi. Jumamosi tutapita mbele ya Kigwena. Mama Zaina amesema tusimame watatu, upande wa nchi kavu. Yeye atakusomea Fatiha, sisi tutasema Baba Yetu, na mekanisiye ameahidi kupunguza mashine kidogo, ingawa amesema patron akiuliza atalitaja jina langu tena. Mjane wako nitamfikisha Ujiji mlangoni kwa dada yake, nimrudishe Rumonge nikiwa nimemshika mkono kwenye ngazi, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Hilo nakuahidi.

Na nakuahidi lingine, la karakanani. Siku macho yangu yatakapoanza kunidanganya, nitaweka patasi chini nilitaje mbele ya watu wote, kwa sauti, hata kama mteja yuko pale na boti yake. Wakiacha kunisikiliza, waache. Nitawaambia: jamani, upande wangu leo siuamini, mmoja wenu aje aupapase.

Pumzika, Muzee. Joselina ananiita nikajaribu suruali ya jioni.

Melkiori